Kushoto kwa Reki

Jumatatu asubuhi mke wa Fundi aliweka kikombe mezani akasema, bila kupandisha sauti, kwamba msimu huu hapigi reki. Kama nyasi ni za kukusanywa, zikusanywe na chuma. Kama chuma hakuna, ng'ombe wote watatu watauzwa, na yeye Jumamosi anapanda basi kwenda kwa binti yao kupumzika.

"Kupumzika mpaka lini?" Fundi akauliza.

"Mpaka nichoke kupumzika."

Jamani, mwanamke anayefoka unaweza kumngoja anyamaze. Huyu alikuwa ameshanyamaza, sasa ungemngoja afanye nini? Fundi alimaliza chai yake, akaosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na mkewe alimtazama akiosha.

Fundi alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa ameketi katika kibanda cha mabati kwenye kona ya uwanja wao wa nyasi, kando ya lango, akishonea watu suruali na sare za shule. Mkewe alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe walitegemea uwanja ule, na kila msimu, jirani yao mwenye trekta akishazikata zile nyasi na jua likishazikausha, mke alizikusanya kwa reki ya mkono, kutoka langoni hadi mwisho wa uwanja, wiki nzima. Bega lake la kulia likaanza kushuka.

Fundi aliliona mapema kuliko daktari, maana ndiye aliyempima magauni. Mwaka wa kwanza lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Akatia sponji nyembamba ndani ya gauni upande huo, mabega yakalingana. Mwaka uliofuata akatia sponji mbili. Sasa zilikuwa nne, na kwenye harusi watu walimsifu mama yule jinsi anavyosimama wima. Mwezi uliopita daktari alisema msimu mmoja zaidi wa kazi ile na mkono huo hautafika tena kichwani. Fundi alikuwepo. Alitazama viatu vyake. Ilimuuma sana, na alijua vizuri inamuuma nini: bega alikuwa amelishonea, hakulitibu.

Kwa hiyo reki ilibidi ipatikane. Mpya haikuwa saizi yao, ila nje kidogo ya mji kulikuwa na yadi ya mashine zilizotumika, na mwenye yadi alisema kwenye simu kwamba reki anazo.

"Nitaichunguza vizuri," Fundi alimwambia mkewe Jumatano, akivaa viatu. "Siwezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mchagua jembe si mkulima," mkewe akasema.

"Mimi si mkulima. Ni fundi."

"Ndicho ninachokiogopa. Sikiliza. Itupe nyasi kulia. Kushoto kuna mfereji. Umesikia?"

"Kulia. Nimesikia."

Na alisikia kweli, asisingiziwe. Uwanja wao ulikuwa mrefu na mwembamba kama mkanda: upande mmoja ua wa jirani, upande wa pili mfereji wa maji. Trekta ilipoingia langoni iliufuata mfereji kwanza, maji yakiwa kushoto kwa dereva, ikageukia mwisho wa uwanja na kurudi kwa upande wa ua. Hivyo ndivyo ilivyozunguka tangu trekta ya kwanza ifike pale. Reki ya kuvutwa hutupa nyasi upande mmoja tu, kuzipanga safu. Ikitupa kulia, nyasi zinakuja uwanjani. Ikitupa kushoto, zinakwenda kuoga.

Mwenye yadi alikuwa mtu mnene, ameketi kwenye kiti cha trekta kisicho na trekta. "Reki ziko mbili," akasema. "Moja nzuri, na nyingine ipo tu."

Ile nzuri ilikuwa nyekundu, imepakwa rangi juzi, bado inanuka. Ile iliyopo tu ilikuwa na kutu kuanzia kichwani hadi matairini. Zote zilikuwa za aina moja: magurudumu matano makubwa ya meno, yamepangwa mshazari kwenye boriti ndefu.

Fundi hakuiamini ile nyekundu hata kidogo. Alikuwa ameona suruali nyingi zilizopigwa pasi kwa bidii ili kiraka kisionekane. Akatoa mfukoni sumaku yake ya kuokotea sindano, akaanza kuitembeza juu ya boriti. Sumaku ikanata, ikanata, ikanata. Ilipofika kwenye kiwiko, pale boriti inapoungana na sehemu ya kuvutia, ikaanguka mchangani.

"Sumaku mbovu hiyo," mwenye yadi akasema.

Fundi akaiokota, akaifuta kwa shati, akairudisha palepale. Ikaanguka tena.

"Hapa hakuna chuma," akasema. "Hapa mmeziba ufa kwa unga, mkapaka rangi juu."

"Chuma kipo. Kiko ndani zaidi kidogo."

"Ndani zaidi kidogo ni wapi?"

Mwenye yadi akafikiri. "Upande wa pili," akasema, wala hakuona haya.

Basi Fundi akahamia kwenye ile ya kutu. Alikaa nayo saa mbili. Alizungusha kila gurudumu akiwa ameliwekea sikio. Alihesabu meno yote, moja moja, kwa chaki, na akapata mapengo kumi na moja. Akavua futi ya kupimia shingoni, akaipima reki urefu, upana ikiwa wazi, na upana ikikunjwa, maana lango lao lilikuwa futi kumi. Akafungua daftari la wateja akaandika pale pale, kwa utaratibu wake wa siku zote. Jina la mteja: Reki. Mabega: futi kumi na nne. Kiuno, ikikunjwa: futi nane na nusu. Maelezo: mapengo kumi na moja, magoti mazima, haijawahi kuchomelewa.

Mwenye yadi alikuwa amemtazama saa zote hizo kwa heshima iliyochanganyika na usingizi. "Sasa nikuulize, Fundi," akasema. "Kwako unataka itupe wapi? Maana nyekundu inatupa kulia. Hiyo ya kutu inatupa kushoto."

Hapa ndipo panapotaka utulivu, kwa sababu mtu mwingine yeyote asingekosea. Dereva asingekosea. Mfuga ng'ombe asingekosea. Hata mpita njia angesema anataka kulia, akaondoka zake. Lakini fundi cherehani tangu siku ya kwanza hufundishwa jambo moja: kushoto ni kushoto kwa mvaaji, si kwa anayemtazama. Mfuko wa shati ukitaka kuujua uko wapi, ingia ndani ya shati. Fundi alikuwa ameshafukuza wanafunzi wawili kwa kosa hilo. Kwa hiyo akajiuliza, kama fundi mwenye akili, reki hii imetazama wapi? Na jibu likamjia lenyewe. Kitu chenye meno, uso wake uko kwenye meno. Na meno yako nyuma. Basi reki imeipa trekta mgongo, na kushoto kwake ni kulia kwa dereva.

Akatabasamu moyoni. Alimhurumia mkewe aliyedhani ni jambo rahisi.

"Kushoto ndiyo tunayoitaka," akasema.

"Una uhakika? Watu wengi hapa huchukua ya kulia."

"Watu wengi huvaa suruali isiyowatosha."

Wakapatana, na Alhamisi lori likaileta reki hadi langoni. Ilipita, ikabakiza futi moja na nusu, na Fundi akahakikisha mkewe ameiona hiyo futi moja na nusu.

Mkewe aliizunguka mara moja. Akaligusa gurudumu la mwisho kwa kidole, likazunguka bila kelele. Uso wake ukalegea kidogo, na Fundi akajisikia mwepesi kwa namna ambayo hakuwa amejisikia mwezi mzima.

"Inatupa kulia?" akauliza mke.

"Inatupa tunakotaka."

"Haya. Ahsante, Fundi."

Mfuko wake wa safari ulikuwa tayari nyuma ya mlango, umefungwa zipu. Jioni ile hakuufungua, lakini aliusogeza usimzibe mtu njia. Fundi aliipokea hiyo kama dalili njema.

Ijumaa nyasi zilikuwa zimekauka vizuri, na upande wa milima mawingu yalikuwa yamekaa kikao. Jirani akafika na trekta. Jirani huyu aliitwa Hakuna Neno, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mtu kwa kila jambo. Ulimwambia gurudumu lina pancha, hakuna neno. Ulimwambia amekanyaga kuku, hakuna neno. Akaifunga reki nyuma ya trekta, akaingia, akaiteremsha, akaanza kuufuata mfereji.

Reki ilifanya kazi kwa uzuri ambao hakuna aliyeutarajia. Magurudumu yote matano yalizunguka kwa pamoja, mapengo hayakuonekana, na nyasi zikajikusanya safu moja nene, iliyonyooka, safi kabisa, ndani ya maji.

Hakuna Neno akasimamisha trekta. Akageuka kitini akatazama mfereji kwa muda. Nyasi zilikuwa zikielea kwenda kwa watu wa chini bila haraka.

"Hapa," akasema, "neno lipo."

"Fundi," mkewe akasema.

"Nimeona."

"Nilikwambia kulia."

"Na mimi nimeleta ya kulia. Ni yule wa yadi ndiye anaiita kushoto. Uso wa reki uko kwenye meno, si ndiyo? Sasa meno yako nyuma, kwa hiyo kushoto kwake..." Akainua mikono yote miwili kuonyesha, akaitazama, akaigeuza, kisha akaishusha polepole.

Hakuna Neno alitaka kuelewa. "Kwa hiyo kwa hesabu yako, mimi naivuta reki ikiwa inarudi kinyumenyume."

"Ndiyo."

"Na plau vilevile?"

"Plau sijaipima."

Mke wa Fundi hakucheka. Hilo lilimtisha Fundi kuliko mawingu. Angecheka, angetukana, angesema hata lile la mchagua jembe, ingekuwa afadhali. Alitazama mlimani, akatazama nyasi, akafanya hesabu yake kimyakimya.

"Si uzunguke kinyume?" Fundi akamwambia Hakuna Neno. "Uanzie kwenye ua, urudi na mfereji. Maji yatakuwa kulia kwako, nyasi zitakuja uwanjani."

"Nimeshalifikiria. Kule mwisho napita. Nikirudi huku, natakiwa kukata kona hapa langoni, na hii reki mkono wake unachomoza nje." Akaonyesha kwa kidevu. "Kona imezibwa na kibanda chako. Trekta peke yake inapita. Na reki nyuma, hapana."

"Basi fanyeni hivi," mke akasema. "Wewe piga katikati na upande wa ua. Ukingo wa mfereji niachie mimi."

"Ukingo ni theluthi ya uwanja, mama," Hakuna Neno akasema.

"Naujua. Nimeukusanya miaka yote hiyo."

Akaenda bandani, akatoka na reki ya mkono. Mpini wake ulikuwa umelainika na kung'aa pale mikono inaposhika. Akaiweka begani, bega la kulia, kwa mazoea tu, na Fundi akaona jinsi alivyouma midomo ilipotua. Sponji hazikuwepo. Alikuwa na gauni la kazi, ambalo Fundi hakuwahi kuhangaika kulishona vizuri kwa sababu hakuna anayeliona. Bega lilikuwa limeshuka wazi kabisa, mchana kweupe, na lilikuwa baya zaidi ya alivyolipima.

"Iweke chini," akasema.

"Mvua inakuja. Nipishe."

"Weka chini, mke wangu. Tafadhali."

Mke akasita, kwa sababu neno tafadhali halikuwa likitumika sana katika nyumba ile. Fundi hakungoja jibu. Alikwenda kibandani kwake, akaingia, akatoka amekumbatia cherehani, meza ikimgonga magotini, akaipeleka hadi kwenye baraza ya nyumba. Akarudi. Akatoka na mikasi, pasi, boksi la vifungo, marundo ya vitambaa. Akarudi tena.

Katikati ya shughuli hiyo akatokea mteja aliyefuata suruali yake. Akasimama langoni.

"Fundi, umehama?"

"Bado. Shika hizi." Akampa mteja sare kumi na mbili za shule, akaingia ndani kuchukua nyingine.

Kibanda kilipobaki kitupu, Fundi alisimama ndani yake kwa dakika moja. Alikuwa amekijenga mwenyewe kwa wiki mbili, akiwa kijana mwenye nywele. Ukutani kulikuwa na alama za penseli za vimo vya nusu ya watu wa mtaa ule. Roho ilimuuma, na tusidanganyane, ilimuuma sana. Kisha akatoka.

"Mnyororo unao?" akamwuliza Hakuna Neno.

"Ninao."

"Funga kwenye ile nguzo ya kona."

"Una uhakika, Fundi?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa juzi, akalijibu kwa majivuno. Safari hii akasema tu, "Vuta."

Hakuna Neno akavuta. Kibanda kililia mara moja, kikainama, kikafuata trekta kwa hatua chache kama ng'ombe anayepelekwa kwenye dawa, halafu kikalala. Kilichojengwa kwa wiki mbili kiliondoka kwa gia ya kwanza. Mteja aliyeshika sare alisema loo, kwa sauti ndogo, na hakuuliza tena habari za suruali yake. Waliburuta mabati hadi kwenye ua, wakaokota misumari wakiwa wameinama wote wanne, Fundi akiupitishia mchanga sumaku yake ili matairi yasije yakatobolewa. Kisha Hakuna Neno akaifunga tena reki, akaanzia kwenye ua, akaenda hadi mwisho, akarudi na mfereji. Maji yalikuwa kulia kwake. Nyasi zikaruka kushoto, zikatua uwanjani. Alipofika langoni akakata kona kwa upana, mkono wa reki ukapita pale ambapo saa moja iliyopita kulikuwa na cherehani.

Mizunguko minne. Haikuchukua hata saa mbili. Mke wa Fundi alisimama muda wote huo karibu na lango, reki ya mkono imelala kwenye majani, mikono yake haijui ipelekwe wapi. Mara akaiweka kiunoni, mara akaikunja kifuani. Kazi ya wiki nzima ilikuwa inapita mbele yake na hakuna aliyekuwa akimhitaji. Alianza kulia, bila sauti, kisha akapenga kamasi kwa ncha ya khanga na kusema vumbi la nyasi ni kali mwaka huu.

Wakazibeba safu kwa tela hadi ghalani, na mvua ilipofika ikakuta uwanja mtupu. Hakuna Neno akaenda zake. Mteja akapata suruali yake, imekunjwa vibaya. Fundi na mkewe wakabaki barazani, katikati ya vitambaa na cherehani, wakitazama maji yakipiga mahali palipokuwa na kibanda.

"Nilidhani unataka reki," Fundi akasema. "Nikakuletea reki, nikakosea. Sasa sina reki ya kulia wala sina kibanda."

"Reki nilikuwa naitaka."

"Ehe."

"Lakini zaidi nilitaka utoke humo ndani."

Fundi akamgeukia. "Ungesema."

"Nilisema. Kila msimu nilikuwa napita mlangoni kwako nasema, Fundi, leo bega. Fundi, leo limezidi. Ulikuwa unapiga cherehani."

Fundi alitafuta neno kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu ambacho anajua hajawahi kuwa nacho. Mwisho akasema, "Nisamehe," na sauti ikamkatika katikati, akalazimika kulisema mara ya pili.

"Nimekusikia," mkewe akasema.

Mvua ikaendelea. Ng'ombe mmoja akalia bandani, saa ya kukamuliwa ilikuwa imefika.

"Na kesho?" Fundi akauliza. Aliuliza bila kumtazama, akijifanya anapanga vifungo. "Basi ni saa ngapi?"

Mkewe akasimama, akajinyoosha, akalishika bega lake. Akangoja hadi Fundi alipoacha vifungo.

"Siwezi kukamua kwa mkono mmoja huku nimeshika ndoo kwa magoti," akasema. "Njoo unishikie."

Fundi hakuwahi kuingia lile banda wakati wa kukamua, hata siku moja. Akasimama upesi mno, boksi la vifungo likamwagika barazani kote, akaliacha lilivyo, akamfuata mkewe kwenye mvua kwenda kushika ndoo.